Nani Alipanda Basi la Bagamoyo?

Msikilizaji, picha za mapumziko ya Bagamoyo umeshaziona, na kelele zake umeshazisikia. Tisheti za sare, madafu, watu wazima wanavutana kamba ufukweni kama watoto wa shule, na nyuma yao bango la shirika linalowapokea watu waliotoka magerezani. Wiki nzima imekuwa ni hiyo tu: wanakula bata kwa pesa za wafungwa. Kituo hiki hakina ugomvi na madafu. Sisi tunauliza, nani alipanda basi la kwenda huko? Kwanza tuione kazi yenyewe.

Msamaha wa Rais umo ndani ya Katiba, ibara ya 45, na Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, ikikaribia kila mwenye ndugu gerezani hukaa karibu na redio. Mwaka 2017 msamaha uliwagusa wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka 2019 ukawagusa 5,533. Asubuhi ya kutoka kamera hujaa getini. Saa kumi jioni hakuna kamera hata moja. Aliyebaki ni binti wa kujitolea, anampigia mjomba wa mtu kwa mara ya sita, na mjomba hapokei.

Mfungwa wa jana kasimama pembeni na kifurushi chake, shati alilofungwa nalo halimtoshi tena. Hana nauli. Nauli inatoka kwenye pochi ya yule binti. Kesho wanafuata barua ya utambulisho serikali ya mtaa, mwenyekiti anasema huyu simjui: nauli. Keshokutwa kitambulisho cha NIDA: nauli. Usiku wa manane simu inalia, "Dada, shemeji kanifungia mlango." Nauli tena, na hiyo ni bodaboda ya usiku, kwenda na kurudi.

Tulimtembelea mmoja wa wanaojitolea kwenye kazi hii. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mezani simu mbili, moja imefungwa mpira ili betri isidondoke. Aliizima hiyo kwa heshima yetu, tuzungumze dakika kumi. Dakika ya nne akaiwasha.

Huo ndio uchovu wa kazini, ambao mapumziko kama yale yamewekwa kuutibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililieleza tatizo hili kuwa ni tunda la msongo wa kazini usiodhibitiwa. Mtaani tunasema roho imechoka. Na wengi wanaoifanya kazi hii nao walishalala humohumo gerezani. Geti likigongwa, wanashtuka.

Sasa, nani alipanda basi? Mkurugenzi alipanda. Mhasibu alipanda. Mtaalamu wa kuandika ripoti, ambaye getini hajawahi kufika hata kwa kupotea njia, naye alipanda, na posho ya siku tatu juu. Binti wa nauli hana mkataba. Asiye na mkataba hayumo kwenye bajeti, na asiyemo kwenye bajeti basi huliona likipita. Tumeshayasema haya kwenye semina elekezi, tukayasema kwenye makongamano, na leo tunayasema tena: posho huanzia juu na huishia hukohuko juu.

Wanaopiga kelele mitandaoni wakishinda, mapumziko yatafutwa. Atakayeumia ni nani? Mkurugenzi ana likizo yake. Yasifutwe!

Wakurugenzi, shukeni kwenye hilo basi, mpishi apande, dereva apumzike, wa kujitolea akae kiti cha mbele. Wafadhili, ulizeni majina ya waliolala hotelini kabla ya kuuliza risiti zake. Rudisheni nauli za watu! Rudisheni mwezi huu, msingoje ukaguzi. Na basi likishaondoka, ile simu iliyofungwa mpira isizimwe. Mkurugenzi abaki nayo, usiku zote tatu, na aipokee.