Kitenzi Kimoja, Visawe Vitatu: Tafsiri ya "Think" katika Kiswidi

Aghalabu hudhaniwa kwamba ugumu wa tafsiri hutokana na uhaba wa msamiati katika lugha lengwa. Kiingereza na Kiswidi, lugha mbili za jamii moja ya Kijerumaniki, zaonyesha kwamba kinyume chake pia hutokea: mfasiri hukwama kwa kuwa lugha lengwa ina maneno mengi kuliko lugha chanzi.

Maana za kitenzi cha Kiingereza "think" zimegawanywa katika Kiswidi baina ya vitenzi vitatu. "Tänka" hutaja kazi ya akili yenyewe, yaani kuwaza; kikifuatwa na kitenzi kingine, huonyesha kusudio. "Tro" hueleza dhana juu ya jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Tycka" hutoa tathmini ya msemaji, na kwa kawaida huashiria kwamba amelionja jambo hilo mwenyewe.

Asemaye "Jag tycker att filmen är bra" amekwisha kuitazama filamu, naye anaisifu. Asemaye "Jag tror att filmen är bra" hajaitazama. Anakisia tu, pengine kwa kusikia sifa zake. Kwa Kiingereza, wote wawili waweza kusema "I think the film is good".

Basi swali linalomkabili mfasiri si la kamusi, bali ni hili: msemaji amelijuaje alisemalo? Shahidi mahakamani akitamka "I thought I saw him", mkalimani anayechagua "tyckte" humfanya aseme kwamba alihisi kumwona mtu, na suala likabaki wazi. Akichagua "trodde", msikilizaji huelekea kuelewa kwamba shahidi aliamini hivyo, kisha akatambua kuwa amekosea. Hapo uaminifu wadai kuomba ufafanuzi, si kubahatisha.

Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959, alibainisha kwamba lugha hutofautiana hasa kwa yale zinayolazimika kuyaeleza, si kwa yale zinayoweza kuyaeleza. Kiswahili ni ushahidi mzuri. Aliyeonja pilau husema, "Naona imekolea", aliye mlangoni, aliyepata harufu tu, husema, "Nadhani imekolea." Hata hivyo, wote wawili wakisema "nafikiri", hakuna atakayewakosoa. Tofauti ipo, ila hailazimishwi.

Kwa hiyo mfasiri anayetoa Kiswidi kwa Kiswahili, akiweka "nafikiri" kila mahali, sarufi yake haitakuwa na dosari. Lakini atakuwa amefuta tofauti ambayo Kiswahili kina uwezo kamili wa kuihifadhi. Hatari huzidi pale matini ya Kiswidi inapopitia kwanza katika Kiingereza. "Tycka" na "tro" zaweza kuwa zimekwisha kuunganishwa kabla mfasiri wa Kiswahili hajashika kalamu, naye asijue kwamba kuna kilichopotea.