Mbele ya Kukuona, Mteja Anaona Ukurasa Wako

Maongezi kwa wanachama wanaofanya biashara ndogo, Bukavu



Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale soko ya Kadutu ao Nyawera ni kweli. Mteja anashika kikwembe, anakivuta, anageuza aone rangi ya upande wa nyuma. Anakuangalia usoni, munapatana bei. Lakini ndani ya simu hakuna mkono unaoshika kitu. Ukurasa wako wa intaneti ndio uso wako. Mteja anauangalia sekunde chache tu, kisha anabaki ao anaenda zake.

Ni nani huyo mteja? Wengi wenu mulipitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996. Majirani wenu wa kule, leo wengine wako Marekani, wengine Kanada. Wako na mama hapa Panzi, mdogo kule Bagira. Wanataka mama apate sambaza ao nguo ya sikukuu. Tangu benki za muji wetu zilipofunga mwezi wa pili wa 2025, watu wengi wanategemea simu. Na mtu wa mbali anaogopa jambo moja: kuibiwa feza. Kwa hiyo ukurasa wako uondoe kwanza ile woga. Mapambo yatafuata.

Tunawaomba mushike maneno manne.

Kwanza, mstari wa juu. "Karibuni kwenye tovuti yetu" haumwambii mtu kitu. Andika: "Tunashona nguo za vikwembe, Bukavu. Oda inachukua siku 5." Hapo ameelewa yote.

Pili, bei. Iandike wazi, kwa franga na kwa dola, na gharama ya kupeleka mzigo pembeni. Ukiandika "kwa bei, niandikie", mtu anafikiri bei yako inafuata sura ya mnunuzi.

Tatu, foto. Foto moja ya simu inaweza kuwa na mega 4. Ukiweka 10, ukurasa unakula mega 40 za mteja, na wakati unafunguka polepole yeye ameshaondoka. Punguza kila foto ifike kilobaiti 200. Zote 10 zitakula mega 2 tu. Piga asubuhi, karibu na dirisha, juu ya kitambaa cheupe. Na iwe foto ya kazi yako mwenyewe. Ukiazima nguo ya mtu mwingine kwenye intaneti, siku ya kupokea mzigo mteja ataona tofauti, na hatarudi.

Nne, namba inayojibu. WhatsApp Business iko toka 2018, bila malipo. Inakubali uandike saa zako za kazi na salamu inayojituma yenyewe wakati uko sokoni. Jina linalotokea kwenye M-Pesa ao Airtel Money, liandike pia kwenye ukurasa. Mtu akiona jina asilolijua, vidole vinasimama.

Kuko neno lingine, gumu kidogo, na tunalisema mbele ya wafadhili wetu pia. Watu wanashauri wanachama: weka foto ya hema, weka mtoto anayelia, watu watanunua. Sisi tunakataa. Huruma inanunua mara moja; mshono mzuri unarudisha mteja mara ya pili na ya tatu. Historia yako si haya. Ukitaka, andika mistari miwili: "Nilijifunza kushona kambini, nimerudi na cherehani yangu." Hiyo inaonyesha ujuzi. Lakini uso wa mtoto, karatasi zako za kurudi, njia ya kufika nyumbani kwako, hapana. Kitu kikishatoka kwenye intaneti hakirudishwi, na si kila anayesoma ni mteja. Mzigo upelekeni fasi inayojulikana, yenye watu.

Kwa wafadhili: foto za ripoti na foto za duka zibaki mbalimbali. Mwanachama asilazimike kuonyesha shida yake ili auzishe kazi yake. Musaada unaofaa hapa ni mdogo: mega za intaneti, na kijana mmoja anayejua kupiga foto na kuzipunguza.

Mbele ya kuachana, jaribio. Mpe jirani asiyejua biashara yako simu yenye ukurasa umefunguka. Hesabu mpaka 5, chukua simu, muulize: ninauzisha nini? Niko wapi? Ni bei gani? Akijibu yote tatu, ukurasa uko sawa. Akikwama, tutatengeneza pamoja. Mkutano unaofuata mukuje na simu zenye moto, na kitu kimoja munachouzisha.