Kisu cha Porini na Matunzo Yake



Nimeombwa niseme machache juu ya kisu cha porini, kwa kuwa kazi yangu Serikalini ni ya misitu.

Kisu kisichokunjwa ni imara, maana hakina kiungo cha kulegea. Bapa la sentimita 10 latosha. Kivaeni ubavuni, ndani ya ala. Mkatapo, msikatie juu ya paja: ndani yake umepita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa, mtu aweza kufa kabla ya kufika zahanati.

Kisu butu ndicho cha hatari, kwani hutumiwa kwa nguvu, kikateleza. Noeni kwa jiwe lenye maji, digrii 20 hivi kila upande. Jiwe la mashine lisipewe nafasi: chuma kikipata moto hata kikawa buluu, ugumu wake umepotea. Jioni kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta, kilale nje ya ala, kwani ngozi hushika unyevu ukaleta kutu.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini vijana, bwenini hakuna nyama ya kukata; huko kisu kisionekane.