Mayotte: Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Dola



Sisi tuliokulia Nyanga tulisema Kihaya nyumbani na Kiswahili shuleni. Zote mbili ni lugha za Kibantu. Hali ni nyingine Mayotte, kisiwa cha funguvisiwa la Komoro kilichotwaliwa na Ufaransa mwaka 1841. Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, Mayotte ilibaki. Mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, nayo hupeleka wabunge Paris. Wenyeji wengi husema Shimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wengine Kibushi, chenye asili ya Bukini. Lugha rasmi, hata hivyo, ni Kifaransa. Lugha hufifia si kwa uchache wa wasemaji tu, bali kwa kunyimwa kazi. Basi anayechunguza Kiswahili asimsahau ndugu huyu.