Karatasi ya bure isiuzwe: maneno yetu kwa vijana wanaotaka kwenda kusoma inje

Vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Mahali tulipokutana hatutapataja, munajua juu ya nini. Leo hatukuja kuongea maandamano. Tumekuja kuongea makaratasi.

Wengi kati yetu tuko na diplome ya iniversite na hatuna kazi. Februari 2025, AFC/M23 walipochukua mji, benki zilifunga, ndege za Kavumu zikasimama. Kila siku kuna kijana anayetuuliza: "Nifanye nini niende kusoma inje?" Kuuliza hivyo si woga. Lakini ndipo komisioneri anatungojea.

Sisi wenyewe tumeliwa. Wamoja wetu walimupa mutu mumoja dola 600 za "viza ya masomo" ya inchi jirani. Mama alikuwa ameuza kiwanja. Walipofika, shule ikawaambia: hii pasi ya mwanafunzi hailipiwi, na jina lenu hatuna. Makuta yamekwenda, mwaka umekwenda.

Basi sikilizeni. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya iko na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayofanya kazi tangu Julai 2010. Sheria zake zinasema hivi: raia wa inchi mwanachama aliyekubaliwa na shule anapewa pasi ya mwanafunzi bila malipo, na anaifanya upya kila mwaka mpaka amalize. Tunajua haki iliyoandikwa haiheshimiwi kila siku kwenye mupaka. Lakini asiyejua haki yake hawezi hata kuiomba. Kwa hiyo:

Kwanza, shule mbele, makuta nyuma. Andikia shule mwenyewe, upate barua ya kukubaliwa kutoka kwao, si kutoka kwa mutu wa katikati. Kisha hakikisha shule inatambuliwa: Uganda uliza NCHE, Kenya CUE, Tanzania TCU, Rwanda HEC. Shule isiyotambuliwa itakupa deni, haitakupa diplome.

Pili, usiingie kama mugeni halafu ukakaa kama mwanafunzi. Karatasi ya kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe na kurudi jioni si karatasi ya masomo. Ukifika, nenda ofisi ya uhamiaji na paspoti na barua ya shule, omba pasi mapema. Siku za ugeni zikiisha bila pasi, wewe ni mukosaji, hata kama unashinda darasani kila siku. Na ukilipa chochote, omba risiti.

Tatu, diplome yetu ya leta iko katika Kifaransa. Uliza mapema nani anaitafsiri na nani anailinganisha na ya kwao. Tanzania, kazi hiyo kwa diplome za sekondari ni ya NECTA. Wengi wanakwama hapo, wakiwa wamekwisha kulipa nyumba.

Ine, uliza minervali kwa maandishi: nitalipa kama mutoto wa Jumuiya ao kama mugeni kabisa? Mwaka 2017 marais wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tuwakumbushe.

Tano, Ulaya na Kanada. Hakuna mutu Bukavu anayeweza kukuahidi viza. Kanada inaomba uonyeshe zaidi ya dola zao 20,000 za kuishi mwaka moja, mbali na minervali na ndege. Yule anayekuambia "nitakutengenezea karatasi ya benki" anakuuzia shimo: ukikamatwa na uongo, Kanada inakufungia mulango miaka mitano. Yeye atabaki hapa akinywa bia yako.

Sasa madai yetu. Kwa serikali ya Kinshasa: tunadai paspoti kwa bei ya leta, dola 75, hata kwa mutoto wa mji uliochukuliwa. Hatujasahau paspoti ya dola 185. Kutekwa kwetu kusigeuke tena kuwa soko la wakubwa. Kwa wenye silaha: njia za wanafunzi zisifungwe, na wasitozwe. Kwa Jumuiya: mulitupokea kwa sherehe, mutupokee basi na kwenye dirisha la uhamiaji.

Na sisi kwa sisi? Mwenye barua ya shule asiyoielewa, atuletee. Tutaisoma pamoja, bure. Aliyeliwa asifiche kwa haya. Aseme, ili mwingine asiliwe. Mwenye kwenda, atutumie habari ya kweli: nyumba ni bei gani, walimu wako namna gani, ofisi gani inasumbua.

Hatuambii mutu "nenda", hatuambii mutu "baki". Kuna watakaokwenda na kuna watakaobaki, na inchi ni yetu sisi wote. Tunasema tu: ukiondoka, ondoka kwa jina lako na karatasi yako, ili siku ya kurudi usipite kwa kujificha.