Kura za Maoni: Tuziamini Kiasi Gani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ngong)



Nimeombwa niseme machache juu ya kura za maoni. Sisemi kura ile ya kupigwa siku ya uchaguzi. Nasema zile habari za redioni kwamba utafiti umeonyesha fulani anaongoza. Hasa zile zinazoshtua: kaunti iliyojulikana kuwa ya mgombea mmoja, ghafla tunaambiwa imegeuka. Mtu atasema, hayo ni ya wanasiasa, sisi tuna kuku wetu na matangi yetu ya maji. Lakini uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na sisi wa Ngong, Kiserian, Rongai na Kitengela tunajua kwamba vikundi vyetu vina watu wa kila kabila. Habari moja ya redio inaweza kuwatenganisha watu waliodhaminiana mikopo. Kwa hiyo ni jambo letu.

Kwanza, kazi hii hufanywaje? Watafiti hawawezi kuuliza Wakenya wote. Huchagua watu, tuseme 2,000, wakawauliza. Hilo si la ajabu. Mama anayepikia mkutano githeri haonji sufuria nzima. Huonja kijiko kimoja akajua kama chumvi imetosha. Lakini ni lazima awe ameikoroga vizuri. Mtafiti naye hukoroga kwa kuchagua watu bila upendeleo, wa mjini na wa mashambani, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana. Akiuliza kwa simu tu, yule mzee wa Magadi asiye na simu hayumo.

Hata ukikoroga vizuri, kuna kukosea kidogo. Wakiulizwa watu 1,000, jibu linaweza kuwa juu au chini kwa asilimia kama 3. Wakiulizwa 400, ni kama 5. Basi ukisikia mmoja ana 46 na mwenzake 44, usiseme anaongoza. Sema wanakaribiana.

Sasa tuje nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na Kajiado tulikuwa 1,117,840. Ni watu kama 2 katika kila 100. Kwa hiyo wakiulizwa Wakenya 2,000, wa Kajiado hawatafika hata 50, kuanzia hapa Ngong mpaka Loitokitok na Namanga. Kwa watu wachache hivyo, jibu linaweza kukosea kwa asilimia kama 14 huku na huku. Mgombea aliyetangazwa kuwa na 50 huenda kwa kweli ana 36, au ana 64! Siku mkisikia "Kajiado imegeuka", ulizeni kwanza: hapa Kajiado mliwauliza wangapi?

Haya, tuangalie mambo yaliyotokea. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, kampuni ya Ipsos ilisema hayati Raila Odinga ana asilimia 47 na William Ruto 41. Infotrak ikasema 49 kwa 42. Ya TIFA ilikuwa na tofauti ndogo, lakini nayo ilimweka Raila mbele. Tume ya IEBC ikamtangaza Ruto kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, asilimia 48.85. Mahakama ya Juu ikathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba 2022.

Wengi walisema watafiti walihongwa. Tufanye hesabu kabla ya kulaumu. Chukua ile ya Ipsos: 47 na 41 ni 88. Wale 12 waliobaki ni wa wagombea wengine, pamoja na ambao hawakuwa wameamua au hawakutaka kusema. Raila alipata karibu alivyotabiriwa, akaongeza kama 2 tu. Ruto aliongeza zaidi ya 9. Kwa hiyo huenda tatizo kubwa lilikuwa kwa walionyamaza, na kwa waliosema lakini hawakwenda kupiga kura. Mwaka huo walijitokeza kama 65 katika kila wapiga kura 100 walioandikishwa, wachache kuliko mwaka 2017. Kujibu swali kwa mtafiti na kuamka saa kumi na moja kupanga foleni ni mambo mawili mbalimbali.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Marekani, siku tatu kabla ya uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024, gazeti la Des Moines Register lilitoa utafiti wa jimbo la Iowa. Aliyeufanya ni Ann Selzer, mtafiti aliyeheshimiwa kwa miaka mingi. Ulisema Kamala Harris ana 47 na Donald Trump 44. Watu walishtuka, maana Iowa ilijulikana kuwa ya Trump. Matokeo yalipotoka, Trump alishinda hapo kwa asilimia kama 13. Hata mpishi hodari, kijiko kimoja kinaweza kumdanganya.

Je, tutupe utafiti wote? Hapana. Ukifika soko la Bissil siku moja ukakuta bei ya mbuzi imepanda maradufu, hutauza zizi zima siku hiyo. Utauliza bei ya Kiserian, utangoja siku nyingine ya soko. Habari ya kushtua ipokeeni hivyo hivyo: iwekeni pamoja na nyingine, msiikatae na msiikumbatie. Lakini kumbukeni 2022: hata zikikubaliana nyingi, zaweza kukosea zote upande mmoja.

Tuna sheria ya mwaka 2012 juu ya kutangaza kura za maoni. Inamtaka mtangazaji aseme mambo haya, nanyi myasikilize:

1. Nani alilipia utafiti, na nani aliufanya?
2. Waliulizwa watu wangapi, wapi, na kwa njia gani?
3. Waliulizwa lini?
4. Swali lenyewe lilikuwa lipi?
5. Kiasi cha kukosea ni kipi?

Nami naongeza la sita: wangapi hawajaamua? Sheria hiyo pia inakataza kutangaza utafiti katika siku tano za mwisho. Karatasi ikizunguka kwa simu siku mbili kabla ya kura, bila majibu haya, msiipeleke mbele.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya 2007. Mwaka ule tafiti nyingi zilikuwa zimemweka Raila mbele, na watu walikwenda kupiga kura wakiwa na hakika. Tarehe 30 Desemba akatangazwa Mwai Kibaki. Zaidi ya watu 1,000 wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao. Baadaye tume ya Jaji Kriegler ikasema hesabu ziliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ona basi: utafiti hauwezi kuwa ushahidi kwamba mtu ameshinda wala kwamba ameibiwa. Ushahidi ni Fomu 34A inayobandikwa mlangoni pa kituo. Hiyo ndiyo ya kwenda kusoma.

Kwa hiyo naomba vikundi vikubaliane mambo matatu na kuyaandika katika kumbukumbu za mkutano. Pesa za kikundi zisiwekewe dau juu ya mgombea yeyote. Mwanachama asiulizwe atampigia nani, kwa sababu kura ni siri. Na mtu asibaki nyumbani kwa kuwa redio imesema wake ameshashinda au ameshashindwa.

Sasa tuanze maswali, na akina mama wa nyuma waanze.