HOTUBA YA KATIBU: TUPIKE RUBISI, LAKINI TUSIUE MGOMBA

(Maneno haya niliyasema mkutanoni. Nimeyaandika hapa ubaoni kwa wale ambao hawakufika.)



Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la kisomo. Mkiona herufi zimelala msicheke sana, someni maneno.

Leo nasema juu ya rubisi. Majirani zetu wa Rwanda wanaiita urwagwa. Huku kwetu bila rubisi hakuna posa, hakuna matanga, hakuna kuombana radhi. Na akina mama wengi hapa, sare ya mtoto imetoka kwenye rubisi. Basi si jambo la mchezo.

Kazi yake wazee mnaijua, nawaambia vijana. Ndizi za pombe zilizokomaa tunazifukia katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, siku nne hivi mpaka sita. Zikiiva tunamenya, tunatia mtumbwini, tunakanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Tunachuja, tunatia mtama uliokaangwa na kusagwa, tunafunika. Usiku mmoja na mchana wake, imechachuka. Isikae siku nyingi, itakuwa siki.

Sasa usafi. Miguu inayokanyaga ioshwe kwa sabuni, siyo kupanguswa kwenye nyasi tu! Maji ya kuongeza yachemshwe kwanza, yapoe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza mambo ya usafi wa namna hii, na wazee wanaikumbuka. Na gongo tusiiguse. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kuipika bila leseni, na gongo mbaya inapofua macho na kuua.

Lakini lililonisimamisha hapa ni mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeshaingia mkoa wetu wa Kagera. Hauambukizi mtu, ila shamba unalimaliza. Majani yananyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Shina ukilikata linatoa usaha wa njano. Dawa ya kunyunyizia hakuna.

Ndizi za pombe ndizo zinashikwa upesi, kwa sababu nyuki na wadudu wengine wanafuata ua lake na kubeba ugonjwa. Na mbebaji mwingine ni sisi wapika rubisi! Tunanunua mikungu huku na huku, panga ni lile lile.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu. Nilikwenda kukata mikungu shamba la jirani kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Niliporudi nikapunguza majani ya migomba yangu kwa panga hilo hilo. Harusi ilikuwa nzuri. Baada ya wiki chache migomba ikaanza kunyauka, mmoja, miwili, kumi na moja. Nikasema nimerogwa. Kumbe mchawi nilikuwa nimemshika mkononi. Mke wangu alinunua ndizi za kula msimu ule, na sisi ni wakulima! Yule jirani niliyemshuku nimemwomba radhi.

Kwa hiyo mkutano umekubaliana hivi:

1. Panga lipitishwe motoni mpaka lisishikike, kabla ya kuingia shamba jingine. Mwenye shamba awashe moto, mnunuzi asione haya.

2. Ua la mgomba livunjwe kwa mti wenye panda mara chane ya mwisho ikitoka. Si kwa panga.

3. Shina lililougua likatwe mara moja chini kabisa usawa wa ardhi, kisha panga lirudi motoni. Bwana shamba aitwe.

4. Ndizi zilizoiva kwa ugonjwa zisinunuliwe hata kwa bei ya bure. Majani ya shamba lenye ugonjwa yasifunike mtungi wa mtu.

5. Anayeona mnyauko kwake aseme. Asichekwe, asifichwe. Anayeficha leo anatuchomea wote.

Mtungi ukivunjika tutanunua mwingine. Shamba la migomba tuliachiwa na babu, na wajukuu wanalingoja.

Ushirika hoyee!

Katibu wa Chama, Kijiji